Gari ya Viti Viwili

Juzi mjukuu wangu Belise alipanda kwenye kile kiti changu cha uani, akaruka na magoti yake yenye mchanga, na ngozi ikararuka. Nilifungua mdomo nimgombeze. Lakini harufu ikanifikia kabla ya maneno: ngozi ya zamani iliyopigwa na jua, mafuta ya injini, na kwa mbali sabuni ya kufulia. Nikajikuta nimekaa chini kwenye saruji, mkono umeingia mle ndani ya kiti kama mtu anayetafuta yai.

"Bibi, umekasirika?"

"Apana. Niletee sindano kubwa."

Nimeanza kuitwa bibi mapema, maana nilizaa mapema na binti yangu akafuata njia yangu. Shule nilikomea mwaka wa tatu. Vita vilipokuja shule yetu ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, na ilipofunguliwa mara ile mimi sikurudi. Lakini majina hayanitoki. Nakumbuka kila mtu wa barabara yetu ya mtaa wa Kinindo, na jina la mbwa wake. Nakumbuka pia majina ya vyuma vya gari, ingawa nilikuwa mtoto wa kike, kwa sababu kuna wakati niliamini kwamba majina hayo ndiyo yatakayoniokoa.

Papa yangu, Melkiori, alikuwa zamu, mlinzi wa nyumba ya Bwana Serafini. Sisi tuliishi chumba cha nyuma: Papa, Mama, mimi Spesi, na wadogo zangu Dayo na Nesto. Bwana Serafini alikuwa amesoma Italia, na aliporudi hakuleta mke, alileta gari. Ilikuja kwa meli kutoka Kigoma. Ilikuwa fupi, imelala chini kama paka anayewinda, na rangi yake ilikuwa ile ya mawese yakiwa bado ya moto. Gari ya mbio, katika mji ambao mashimo yake nyinyi wa rika langu mnayajua. Aliiendesha Jumapili tu, taratibu, kando ya ziwa, na watoto wote tulikimbia nyuma yake tukiita, "Mawese! Mawese!" Mlango mmoja huku, mlango mmoja huku, na ndani viti viwili. Nyuma hakuna kitu. Hata kapu la ndizi halikai.

Vita vilipokaribia mji, Bwana Serafini aliondoka kwa ndege na sanduku moja. Alimpa Papa ufunguo pale kwenye ngazi. "Melkiori, gari naiacha mikononi mwako." Akamshika bega, akaenda.

Papa hakuwa fundi. Alizaliwa Mugamba, milimani, akakulia nyuma ya ng'ombe. Na kwao, mtu akikuachia ng'ombe wake umchungie, mambo yake yanajulikana, hayahitaji kuandikwa. Maziwa utakunywa. Samadi utaweka shambani kwako. Akiugua utamtibu kama wako. Kumchinja huwezi, kumuuza huwezi. Na akikufa, unamletea mwenyewe ngozi, aione kwa macho yake, ajue kwamba ng'ombe alikufa kweli na wewe hukumla. Papa aliipokea ile gari kwa sheria hiyo, maana ndiyo sheria aliyokuwa nayo. Kila Jumamosi aliiwasha, akaisogeza mbele mpaka kwenye geti, akairudisha nyuma mpaka kwenye ukuta. "Imekula," alisema, akafunga boneti.

Mimi wakati huo nilikuwa naangalia mambo mengine. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na nyumba ya Mama Klementina. Asubuhi moja walipakia magodoro juu ya gari lao, watoto wakaingia, bibi yao akaingia, kisha mbwa wao, Bobi, akarushwa kwenye kiti cha mwisho. Mpishi wao Liberata, aliyewapikia tangu watoto hawajaota meno, alikuwa amesimama na furushi lake kichwani, tayari. Mlango ukafungwa. Gari likaenda. Liberata alibaki pale, furushi bado kichwani, anatazama vumbi. Bobi alikuwa dirishani, ulimi nje.

Mtoto akiona hivyo hafundishwi tena. Nilielewa kwamba kwenye vita watu wanagawanywa na viti.

Kisha nikamsikia Papa akimwambia Mama, wakichambua maharage, "Lazima iwe tayari. Siku ikifika isitukute haiwaki." Mama akaitikia, "Ego," ndiyo. Basi. Labda yeye alimaanisha siku ya Bwana Serafini kurudi, lakini kwangu siku ilikuwa moja tu, siku ya kukimbia. Nikatazama vidole vyangu. Viti viwili. Sisi watano, na tumbo la Mama lilikuwa limeanza kuonekana. Papa ataendesha. Kiti cha pili kitakuwa cha nani? Mama na Nesto mapajani, labda. Dayo mwembamba, ataingia miguuni. Mimi nilikuwa nimeshakua mno kupakatwa, na bado mdogo mno kuachwa. Sikumwuliza mtu. Niliamua tu kwamba nitakuwa mtu ambaye ile gari haiwezi kwenda bila yeye.

Ndivyo nilivyoingia chini ya boneti. Gari ilikuwa imeanza kuugua, na Papa akamwita fundi Rajabu wa Buyenzi, mtu mrefu, mcheshi, aliyekuja na baiskeli na vyuma vyake ndani ya soksi. Mimi nilishika taa, nilishika skrubu, niliuliza jina la kila kitu. Hii buji, wengine mnaita plagi. Hii kabureta. Huu mkanda wa feni. Mkono wangu mdogo ulipita pale ambapo mikono yao ilikwama, nyuma ya feni, nikakaza nati kwa vidole huku Rajabu akiniimbia, "Kulia, kulia, bibi harusi, kulia!" Nilijiambia moyoni, sasa wananihitaji.

Rajabu na Papa waligombana tangu siku ya kwanza. Desturi ya mafundi wa mji mnaijua: piesi, yaani kipuri, mpya ikiingia, ya zamani ni ya fundi. Anaipeleka soko la Jabe, inauzwa, anapata sukari ya watoto. Rajabu akanyoosha mkono kuchukua buji zilizoungua, Papa akamwahi.

"Hizo zinabaki."

"Mzee Melkiori, zimekufa hizi."

"Ndiyo maana zinabaki. Mwenyewe akirudi nitamwonyesha nini?"

"Utamwonyesha gari!"

"Gari ataiona. Na ngozi aione."

Rajabu akageuka kwangu. "Spesi, mwambie baba yako hii si ng'ombe. Ingekuwa ng'ombe ningeshaikamua nikaenda zangu." Lakini aliziacha. Papa alizifuta, akazitia kwenye gunia la mchele chini ya kitanda chao. Kila kilichokufa kikaenda gunia lile: mkanda uliokatika, mpira wa radiata uliopasuka, ambao walikuwa wameshauviringishia mpira wa ndani wa baiskeli mpaka ukawa mnene kama mguu wa Nesto. Na mimi nililiona gunia likinenepa, nikafurahi sana. Kwa sababu nilikuwa nimeelewa, au nilidhani nimeelewa. Papa anaweka vipande. Vipande vikitosha, ataunda gari ya pili. Ya wale wasio na kiti.

Halafu pompa ya maji ikafa. Bila pompa, injini inachemka kama sufuria ya ugali, na Rajabu alisema tukiiwasha hivyo tutaiua kabisa. Wakati huo nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, hakuna kilichoingia, esansi yenyewe, petroli, iliuzwa kwa chupa kando ya njia. Rajabu alizunguka Jabe yote. Wauza vyuma walimcheka: pompa ya gari ya Kiitalia? Nenda kamuulize Papa wa Roma. Mwishowe alisema, "Labda Uvira, ng'ambo ya mpaka. Kule vitu vinapita."

Mama alikuwa na rafiki Gatumba, mpakani, Mama Furaha wa Kongo, aliyevuka kila siku na ndagala, dagaa wa ziwani, na mawese. Tukaenda, Mama na mimi, na pompa iliyokufa nimeibeba kifuani ndani ya kitenge. Papa alikuwa amesema neno moja tu: "Irudi."

Mama Furaha alikuwa amekaa nyuma ya mabeseni yake, anafukuza nzi kwa kipande cha katoni.

"Ee, mama, karibu! Na tumbo ile, ni ya nani tena? Melkiori hachoki?" Akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha akaniona. "Na huyu, mbona anabeba ile kitu kama mutoto muchanga?"

"Ni pompa," nikasema.

"Lete nivuke nayo. Bila mufano, bale bantu ba Uvira batanipa pompa ya kisima."

"Apana. Papa amesema irudi."

"Irudi? Chuma yenye ilikufa? Irudi kufanya nini, kuzikwa?"

Mama alitazama chini kwa haya. Mimi nilikumbatia pompa yangu. Kama kipande hiki kingekosekana kwenye gunia, gari yetu ya pili ingewashwaje? Machozi yakanijaa, na nadhani Mama Furaha aliyaona, maana aliacha kucheka. Akavuta mche wa sabuni ya kufulia kutoka kwenye kapu lake, ile ya bluu, akaulowesha, akaukanda kwa kiganja mpaka ukalainika. "Leta hapa." Akaukandamiza kwenye uso wa pompa kwa uzito wake wote. Alipoutoa, pompa nzima ilikuwa imebaki kwenye sabuni: tundu zake, mdomo wake, hata mkwaruzo wa ubavuni. "Haya. Yako irudi nyumbani. Mi nitavuka na kivuli yake."

Zikapita wiki. Milimani ilisikika milio ya bunduki, wakati mwingine mchana kweupe, na tumbo la Mama likakua. Kisha siku moja Mama Furaha akatuma kapu la ndagala, na chini ya ndagala kulikuwa na pompa. Haikuwa ndugu ya ile yetu, ilikuwa binamu. Rajabu aliipiga tupa siku nzima, akakata karatasi ya biskuti kwa mkasi wa Mama, akailowesha kwenye grisi iwe zulia kati ya chuma na chuma. Mkono wangu ukaingia nyuma ya feni. Gari ikanguruma, ikanuka ndagala, haikuchemka. Rajabu alicheza pale uani na spana mkononi. Papa aliifuta pompa ya zamani, sabuni bado imo kwenye tundu zake, akaitia guniani.

Mimi nilihesabu kwamba siku imekaribia.

Ikaja asubuhi, mwanga umetoka tu na watu wameruhusiwa kutembea baada ya katazo la usiku. Mama alikuwa ameshika ukuta wa jikoni kwa mikono miwili. Mtoto alikuwa anakuja kabla ya wakati wake, na damu ilikuwa imetangulia. Hapakuwa na taksi. Milio ya usiku ilikuwa imewafungia watu ndani.

"Melkiori, washa gari," Mama akasema.

Papa alikuwa amesimama na ufunguo mkononi. Nilimwona anateseka. "Si yetu. Tangu aondoke haijatoka geti."

"Najua si yetu." Mama alipumua, akangoja uchungu upite. "Ng'ombe wa mtu hunywi maziwa yake? Miaka yote hii umemchunga hujaonja hata tone. Leo kamua."

Papa alikimbia. Akafungua geti. Mama akaingia kwenye kile kiti cha kulia, maana kwetu dereva hukaa kushoto, furushi la nguo juu ya magoti. Papa akaingia upande wake. Viti vikajaa. Alichoniambia kupitia dirishani kilikuwa hiki tu: "Spesi, funga geti. Angalia wadogo zako." Gari ikatoka, ikalia kwa sauti ya juu sana, maana Papa alijua gia ile moja ya kwenda hadi getini, na kwa gia hiyo hiyo alikwenda mpaka hospitali.

Nilifunga geti. Sikulia. Nyinyi mtasema, mtoto mkubwa hivyo, hakujua mama yake anakwenda kujifungua? Nilijua. Lakini nilijua pia kwamba siku imefika, kwamba Mama ana furushi, kwamba hakuna aliyesema tutarudi. Mambo mawili yanaweza kukaa kichwani mwa mtoto pamoja bila kugombana. Niliwapa Dayo na Nesto viazi vya jana. Kisha nikaenda chini ya kitanda, nikavuta gunia, nikaliburuta mpaka pale gari ilipokuwa ikisimama, kwenye lile doa la mafuta. Nikaanza kuvipanga. Buji mbele. Mkanda. Mpira wa radiata. Pompa mahali pake. Nilijua jina la kila kimoja na jirani yake. Niliacha nafasi katikati, pana, ya viti vitatu.

Rajabu aliingia na baiskeli yake kuja kusikiliza pompa kama inavuja. Akaona uwanja mtupu, akaniona mimi nimepiga magoti.

"Gari iko wapi?"

"Wamekwenda."

"Na hii ni nini?"

"Ya kwetu."

Alitazama vyuma. Alitazama ile nafasi ya viti vitatu, na Nesto ambaye alikuwa ameshakaa kwenye chake, juu ya saruji, anatafuna kiazi. Nilingoja anicheke, yeye aliyecheka kila kitu. Aliegemeza baiskeli ukutani akachuchumaa mbele yangu.

"Spesi. Baba yako ameninyima buji."

Nikaifunika buji iliyo karibu kwa kiganja.

"Buji iliyoungua. Haina kazi hata ya kumpiga kuku. Nimemwomba, nimemtania, nimekasirika. Amekataa. Mtu anayekataa kuacha buji mbovu, wallahi, atakuacha wewe?"

Hapo ndipo nilipolia. Nililia mpaka Dayo naye akaanza, bila kujua sababu. Rajabu hakuninyamazisha. Alikaa kwenye ile nafasi ya dereva, akashika usukani wa hewa, akamwambia Nesto afunge mlango vizuri.

Jua lilikuwa limepanda tuliposikia gari, bado kwa gia ya kwanza, ikilia kutoka mbali kama nyuki kwenye chupa. Papa alikuwa peke yake. Shati lake lilikuwa na damu, lakini meno yalikuwa nje. "Mmepata dada," akasema. "Mdogo sana, lakini anapiga kelele. Mama anawaita." Kisha akaona gunia tupu na vyuma vyote vimetandazwa. Akamtazama Rajabu, na Rajabu akatikisa kichwa kidogo, kama watu wazima wanavyofanya. Papa aligeuka, akarudi kwenye gari. Alifungua mlango wa kulia. "Pandeni." Nilikaa mimi, Dayo juu yangu, Nesto juu ya Dayo, magoti yakiwa kwenye masikio. Ngozi ya kile kiti ilikuwa ya moto, na ilinuka. Tukaenda kwa gia ya kwanza, na watu walitoka majumbani kutuangalia.

Bwana Serafini alirudi baada ya vita kutulia, nywele zimekuwa nyeupe. Mimi nilikuwa nimeshampata binti yangu, yuko mgongoni. Gari ilikuwa bado inawaka, lakini barabara hazikuwa zake tena, na yeye alikuwa na shida zake. Alikuwa amepata mtu wa Jabe wa kuikata na kuiuza vipande. Alimwambia Papa hivyo kwenye veranda. Ng'ombe ana mwenyewe. Papa aliingia ndani, akarudi na gunia, akalimwaga.

"Melkiori, chuma chakavu uza tu, ni chako," Bwana Serafini akasema.

"Si chakavu. Ni ngozi." Na Papa akaanza kuinua kimoja kimoja. Hii ilikufa mvua za kwanza. Hii ilipasuka. Hii ndiyo pompa. Na siku moja nilikunywa maziwa, akasema, nilimpeleka mama watoto hospitali, sikukuomba ruhusa.

Bwana Serafini alikuwa ameketi. Alisimama. Aliichukua ile pompa yenye sabuni kavu kwenye tundu, akaigeuza. Baba yake naye alikuwa mtu wa milimani. "Mchungaji hupewa ndama," alisema. "Gari haizai, Melkiori. Sema unataka nini."

"Kiti kimoja. Cha kulia."

"Cha nini?"

Papa hakunitazama. "Kuna mtu nyumbani kwangu aliwahi kukaa chini."

Hatukuwa tumewahi kulizungumza, wala hatukulizungumza baadaye, mpaka Papa akafariki. Kiti kimehama nami nyumba baada ya nyumba. Dada yetu yule mdogo alinyonyeshea watoto wake hapo. Wajukuu wanakigombania.

Juzi nilishona mpaka macho yakachoka, Belise akinishikia uzi. Kipande kimoja cha ngozi kilikataa kurudi mahali pake, kimekauka kabisa, kikabaki mkononi mwangu. Belise alitaka kukitupa jikoni kwenye moto. Nikamzuia. Nimekifuta, nimekiweka kwenye kopo, pamoja na sindano. Siku nitakapomfikia Papa, sitakwenda mikono mitupu.